Saa Haijaruka

Ukitaka kumtibua Muharami fundi saa, usihangaike kumtukana. Matusi alikuwa anacheka nayo. Wewe mwambie tu kwamba saa aliyoitengeneza imeharibika tena, halafu ukae mbali na meza yake. Musoma mjini wote walilijua hilo. Walikuwepo hata watu wasiovaa saa, waliokuwa wanapita kibandani pake makusudi na kusema, "Fundi, saa yangu imesimama tena," ili wamwone anavyowaka, kisha waende zao wakicheka.

Boniphace hakuja kutania. Alisimamisha gari mbele ya kibanda, akashuka na bahasha kubwa kwapani, wala hakusalimia. Alikuwa meneja wa kampuni iliyonunua kiwanda cha kuchambua pamba huko Bunda, upande wa Manyamanyama, baada ya ushirika kushindwa kukiendesha na serikali kuamua kuuza kila kitu ambacho mtu angekubali kukinunua. Kiwanda kilikuwa Bunda lakini yeye alikaa Musoma, karibu na ziwa, kwa sababu vumbi la pamba lilimwasha kifua.

"Ile saa ya kompyuta uliyoitengeneza Bunda," alisema. "Kuna mtu anasema ni mbovu."

Muharami aliweka chini kibanio alichokuwa ameshika. "Mtu gani?"

"Karani wetu, Wegesa. Anasema inaruka."

"Inaruka kwenda wapi?"

"Mimi nitajuaje? Wewe si ndiye fundi? Nenda kaiangalie leo hii. Ukiwa mbele ya mashine unipigie simu uniambie imekaaje. Nataka nisikie kwa mdomo wako."

Akapanda gari lake akaondoka. Muharami alibaki amesimama, mishipa ya shingo imemtoka. Saa iruke? Saa aliyoiweka yeye kwa mikono yake? Alitia vifaa vyake mfukoni, akamwomba muuza viatu wa jirani amwangalizie kibanda, akaenda kutafuta gari la Bunda huku anazungumza peke yake.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba kazi ile ilikuwa fahari yake. Kompyuta ilipoletwa kiwandani wakati ule, watu walitoka mpaka Kabasa kuja kuichungulia dirishani. Halafu mgao wa umeme ukaanza, na kila umeme ulipokatika mashine ilisahau leo ni lini. Ukirudi, inaamka na kukuambia ni Januari ya mwaka themanini. Karatasi za kutolea mzigo getini, ambazo mashine huziandika tarehe na saa, zikawa zinatoka na tarehe za zamani, za wakati kiwanda chenyewe kilikuwa bado cha ushirika na Boniphace yuko sekondari. Mafundi wa Mwanza waliitwa, wakavaa tai, wakasema ibadilishwe mashine nzima. Aliyesema aitwe fundi saa ni Wegesa. Siku mafundi wale walipofungua lile sanduku la mashine, yeye aliona mle ndani kibetri cha duara kama cha saa ya mkononi, akajiuliza kwa nini wanahangaika. Akaja Musoma mwenyewe kumfuata Muharami. Betri ikabadilishwa, umeme ukakatika, ukarudi, na saa ikabaki palepale ilipowekwa. Mafundi wa Mwanza wakapotea na tai zao.

Sasa Wegesa huyohuyo anasema inaruka.

Hapa lazima niseme jinsi Muharami alivyokuwa anaweka saa, maana katika hilo alikuwa na msimamo wa peke yake. Sisi wengine tunavaa saa iliyowekwa kizungu. Mshale mfupi unaonyesha nane, jicho linaruka upande wa pili, mdomo unasema mbili, na hakuna anayeona ajabu. Muharami aliona ni ujinga mtupu. Marehemu baba yake, aliyeanza kazi hiyo Ujiji kabla ya kuhamia Musoma, alimfundisha kwamba jua likichwa ni saa kumi na mbili, na mshale uonyeshe kumi na mbili. Mshale uonyeshe kile mdomo unachosema. Saa yake ya mkononi ilikaa hivyo maisha yake yote, na saa yoyote iliyopita mikononi mwake ilitoka imekaa hivyo. Mwenye saa akitaka kizungu, akaizungushe kwake. Ilipofika zamu ya kompyuta, ambayo haina hata mshale bali namba tupu, wala hakufikiri mara mbili. Ilikuwa saa mbili asubuhi, akaandika mbili. Wegesa alikuwa amesimama nyuma yake, akatazama kioo, akaona mbili, akasema, "Sasa hapo sawa, fundi." Na kweli, kwa yeyote aliyeingia ofisini mle, ilikuwa sawa. Saa tatu ilionyesha tatu. Saa nane walipotoka kula ilionyesha nane. Nani angelalamika?

Alifika Bunda na hasira yake bado ya moto. Wegesa alikuwa peke yake ofisini. Alikuwa mwanamke mrefu, mtu wa Butiama, mjane, mwenye sauti ya kusikika mpaka kwenye mizani ya kupimia pamba, lakini siku hiyo sauti ilikuwa imemkauka na macho yamemvimba.

"Karibu, fundi," alisema.

"Nimekaribia. Nasikia saa yangu inaruka."

"Fundi, kaa kwanza nikueleze."

"Sikai. Inaruka saa ngapi? Uliiona kwa macho yako?"

"Sijaiona." Alikuwa anakunja kanga aliyojifunga kiunoni na kuikunjua. "Lori moja la marobota ya pamba halijafika Mwanza. Dereva haonekani. Sasa meneja amekuja jana na karatasi zangu za geti, amezishika juu hivi, hata kunipa mkononi hataki. Anasema lori hilo nililitoa saa nane usiku. Eti na mengine mengi nilikuwa nayatoaga usiku, mashine imeandika. Kwa sababu nalala hukuhuku kwenye nyumba za kiwanda na funguo ninazo mimi. Fundi, mimi sijawahi kutoa mzigo usiku. Natoaga asubuhi, watu wote wanaona."

"Si uwaambie hao watu waseme?"

"Vibarua? Nani atasema, na kazi ni ya siku kwa siku? Jumanne mlinzi ndiye angesema, lakini usiku analalaga, akisema hakuona lori ataulizwa alikuwa wapi. Amenyamaza. Ndiyo nikasema labda saa inaruka, usiku inaandika mambo yake. Sijui, fundi. Wewe ndiye unajua. Angalia vizuri. Naomba uangalie vizuri, maisha yangu yako hapo."

Mtu mwingine, hata mwenye roho ngumu, angekaa chini hapo. Muharami naye alimwonea huruma, lakini ilikuwa huruma ya nusu dakika. Neno lililomwingia na kukaa ni lile la saa kuandika mambo yake. Alifungua sanduku, akapima betri, ikawa nzima. Akapuliza vumbi. Akafunga. Akawasha. Kwenye kona ya kioo ikaonekana tano na dakika tatu. Akageuza mkono wake. Tano na dakika tatu. Akamwonyesha Wegesa mkono, kisha kioo, kisha mkono tena.

"Tazama mwenyewe. Iko wapi iliyoruka?"

Wegesa alitazama. Ukutani kwao kulikuwa na saa kubwa ya tangu ushirika, akaitazama na hiyo, jicho lake likavuka upande wa pili kama tulivyozoea. Tano na dakika tatu.

Muharami alinyanyua simu, akazungusha namba.

"Niko mbele ya mashine," alisema.

"Inasemaje?" aliuliza Boniphace kutoka Musoma.

"Saa tano na dakika tatu."

Boniphace alitazama saa yake. "Hata mimi hapa tano na dakika tatu."

"Si nilikwambia?"

"Kwa hiyo ni nzima."

Angejibu neno moja tu, tungesema alikosea kama watu wanavyokosea. Lakini Muharami alikuwa amechemka tangu asubuhi na alitaka kutema. Alimtazama Wegesa usoni, akasema kwenye simu kwa sauti ya kutosha kusikika nje, ambako vibarua walikuwa wamesogea dirishani: "Saa haijaruka hata siku moja. Betri nzima, mashine nzima. Anayesema imeruka ana lake jambo."

Wegesa alivuta kiti, akakaa, akaweka mikono mezani.

Polisi walikuja mchana huohuo. Muharami alikuwa bado ng'ambo ya barabara, kwa mama mmoja anayepika wali na sato, anakula kwa hamu kama mtu aliyeshinda kesi. Aliwaona wakimtoa Wegesa getini katikati ya mikokoteni na wakulima waliokuwa wanasubiri kupima pamba. Boniphace alikuwa amewahi kufika, amesimama juu ya ngazi ya mizani, anawatangazia watu kwamba huyu ndiye aliyekuwa anakula jasho lao usiku, na kwamba mashine haina ndugu wala haihongwi. Mwanamke mmoja alitema mate chini Wegesa alipopita. Muharami alimaliza wali wake. Alijiambia mwizi ni mwizi tu. Hata hivyo usiku aliporudi nyumbani, mkewe Mwanaupe alimuuliza mara mbili kama anaumwa.

Sifa zake zilipanda. Boniphace alimsifu mbele za watu, na mgao ulipozidi akamwita aje atengeneze na saa ya kompyuta ya ofisi ya Musoma, iliyoanza nayo kurudi mwaka themanini. Muharami alivaa koti siku hiyo. Alibadilisha betri mbele ya katibu muhtasi, binti anayeitwa Pelagia, mcheshi, ambaye hakuacha kuuliza maswali. Akatazama mkono wake, akaandika nne na dakika kumi, akajinyoosha mgongo.

Pelagia aliinamia kioo, akaanza kucheka. "Fundi, umetuwekea usiku."

"Usiku gani? Ni saa nne na dakika kumi. Huna saa?"

"Saa ninayo, na ni saa nne kweli. Ila kwenye mashine saa nne ya asubuhi inaandikwaga kumi. Hiyo nne yako ni saa kumi ya alfajiri. Nikipiga barua sasa hivi, Mwanza watasema Pelagia anaamka na majogoo kufanya kazi." Alikuwa bado anacheka. "Tena ukiweka mbili ndiyo kabisa, wataona niliipiga saa nane usiku, kama zile karatasi za..."

Hakumaliza. Kicheko kilimkatika, akamtazama fundi, fundi akamtazama yeye. Nje gari lilipiga honi na hakuna aliyegeuka.

Muharami alitaka kukasirika, na alikasirika, kwa sababu hiyo ndiyo njia pekee aliyoijua. Aliikasirikia mashine. Aliwakasirikia waliotengeneza mashine isiyojua kwamba jua likishachomoza saa mbili ni mbili. Alimkasirikia Pelagia kwa kucheka. Kisha hasira ikawatafuta watu wengine wa kuwakamata, ikawakosa, ikarudi nyumbani kwake. Alikuwa amemtazama yule mwanamke usoni. Ana lake jambo. Hakuna aliyemlazimisha kusema vile. Alishika ukingo wa meza.

"Bosi yuko ndani?" aliuliza.

Hakubisha hodi. Boniphace alikuwa anakunywa chai.

"Zile karatasi za Wegesa ziko wapi?"

"Za nini tena?"

"Nionyeshe."

Kuna namna mtu anavyosema ambayo unampa anachotaka kwanza ndipo umuulize. Boniphace alivuta bahasha kabatini. Muharami alizimwaga mezani, akazitenganisha kwa viganja. Ziliandikwa moja, mbili, tano, saba, tisa, kumi. Zikaishia hapo. "Tafuta humu karatasi moja ya mchana," alisema. "Kizungu, kwenye mashine mchana ni kumi na tatu, kumi na nne. Itafute. Kiwanda kinafanya kazi mpaka jioni, halafu hakijawahi kutoa mzigo mchana hata siku moja? Niliiweka kwa Kiswahili. Mbili hii ni asubuhi. Zote hizi ni mchana mweupe, watu wanaona. Ni mimi."

Boniphace alizitazama. Hakuwa mjinga. Muharami aliona kabisa jambo lilivyomwingia, akaona pia alivyolifungia mlango.

"Lori limepotea kweli," Boniphace alisema.

"Limepotea njiani. Halikutoka usiku."

"Ripoti nimeshaipeleka, wakubwa wameshaipokea. Karani mwingine nimeshaajiri. Na baba yake yule mwanamke ametoa ng'ombe kuifidia kampuni ili tuiondoe kesi. Mtu asiye na kosa anatoa ng'ombe?" Alianza kuzikusanya karatasi. "Fundi, wewe ulinipigia simu, nikakuuliza, ukanijibu. Leo nikasimame niseme nini? Rekebisha saa zote mbili, ya hapa na ya Bunda, ziwe kizungu. Mengine yaache yalale."

"Yalale?"

"Na wewe una jina lako mjini. Lifikirie."

Muharami alizoea kuwaka kwa kelele. Safari hii hakupiga kelele, na Pelagia alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipomwogopa. Aliacha bisibisi zake palepale, akatoka.

Kwa Keraryo, baba yake Wegesa, alielekezwa na watoto wa Butiama waliokuwa wanatoka shule. Ilikuwa boma pana lenye zizi kubwa, na ng'ombe wachache kuliko zizi lilivyotengenezewa. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda anachonga mpini wa jembe. Wegesa alikuwa uani anatwanga ulezi. Alimwona mgeni, akaendelea kutwanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mimi Muharami, fundi saa wa Musoma."

Mpini ulisimama. "Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi." Alikuwa ametunga maneno njiani na yote yalimpotea. Akaeleza tu, vibaya vibaya, akirudi nyuma na mbele, mpaka mzee akaelewa kwamba saa ilikuwa inasema asubuhi na watu wakasoma usiku, na kwamba aliyeiweka hivyo ndiye huyu, na aliyeapa kwamba haikukosea ni huyuhuyu.

Keraryo aliweka mpini chini. Aliposema, alisema na ardhi, si na mgeni.

"Nilimuuliza huyu. Nikamwambia, yule Mswahili wa Musoma ni mtu mzima, mtu wa dini, ameangalia ile saa amesema nzima. Hata meneja amesema nzima. Wewe unasema nini? Akaniambia, baba, sikuiba. Nikamwambia, hilo umeshasema, niambie la saa. Hakuwa na la kuniambia. Nikampiga. Mtu mzima, amezaa, nikampiga. Halafu nikafungua zizi."

Sauti ya kutwanga ilikuwa imekoma. Wegesa alikuja akasimama na mchi wake mkononi.

"Nilikwambia uangalie vizuri," alimwambia Muharami.

"Uliniambia."

"Uliangalia nini?"

"Niliangalia saa yangu."

"Mimi nilikuwa nimekaa mbele yako nalia, ukaangalia saa yako."

"Nisamehe, dada."

"Sikukuita uje kuomba msamaha hapa. Hapa ni kwetu, hapa hakuna aliyenitemea mate. Maneno yako uliyasemea wapi?"

"Bunda."

"Basi twende Bunda." Aliuweka mchi chini, akaingia ndani, akatoka amevaa gauni la kazini, lile la bluu lenye kola. Keraryo alisimama naye, akashika fimbo. "Wewe baki, baba," alisema bila kumgeukia, na mzee akakaa.

Njiani Muharami alitaka kuongea, alitaka hata kutukanwa, lakini mwanamke alikuwa anatazama mbele tu, na hasira yake ilikuwa imekaa kati yao kama abiria wa tatu.

Ilikuwa siku ya kupima. Malori mawili yalikuwa yamepanga foleni nje ya geti na mikokoteni haihesabiki, wakulima wa huku na huku wamekaa juu ya magunia yao. Wegesa alipita katikati yao, akafika getini, na pale katikati kabisa, tairi zinapopita, akakaa chini. Akanyoosha miguu. Dereva wa lori la kwanza akapiga honi. Akapiga tena. Watu wakaanza kuteremka kuja kuona.

"Si yule mwizi?" mtu aliuliza.

Jumanne mlinzi alikuja mbio na rungu. Alipomwona ni nani, mbio zikamwishia.

"Mama, toka hapo, nitafukuzwa."

"Kamwite meneja wako."

Haikuhitajika kumwita. Boniphace alikuwa ameshafika na gari lake kusimamia upimaji, yuko mizani, ameshaiona foleni haisogei. Alikuja na leso puani, na alipomwona Muharami amesimama nyuma ya yule mwanamke uso wake ukakazika.

"Mtoe," alimwambia Jumanne.

Jumanne alitazama chini. "Mkubwa, mimi lori la usiku sikuliona."

"Ulikuwa umelala. Hilo nalijua siku nyingi."

"Nalalaga, kweli. Lakini lori lenye marobota lingeniamsha, mkubwa. Geti hili linapiga kelele." Akarudi nyuma hatua moja na rungu lake.

Wegesa alimgeukia Muharami kwa mara ya kwanza tangu Butiama. "Sema."

Na Muharami, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukubali kwamba saa ilimshinda, alisema. Alisema saa ya kompyuta ile aliiweka yeye, na aliiweka vibaya. Alisema zile karatasi zilizoitwa za usiku ni za asubuhi, na huyu mama hakutoa mzigo usiku wowote. Alisema siku ile alipoulizwa kwenye simu hakuangalia chochote isipokuwa kiburi chake. Miguno ikaanza. Mtu akacheka, kisha wengine wakacheka, wale waliokuwa na saa wakazinyanyua mikononi na kuulizana kama ziliwahi kupita kwa fundi huyu. Masikio yalimwaka moto. Alitamani awafokee kama alivyozoea, akajizuia mpaka meno yakamuuma.

"Fundi huyu amechanganyikiwa," Boniphace alisema. "Siku ile alisema nzima, leo anasema mbovu. Tumwamini lini?"

"Umeziona karatasi mwenyewe," Muharami alisema. "Nilizimwaga mezani kwako. Umetafuta ya mchana ukaikosa."

Kicheko kilikoma. Wakulima wakamgeukia meneja. Lori la nyuma nalo likapiga honi, likaambiwa na watu linyamaze.

"Sogea basi, pamba ya watu ipite," Boniphace alisema, safari hii kwa Wegesa na kwa upole. "Tutaongea ofisini, mimi na wewe."

"Siku ile hatukuongea ofisini."

"Unataka nini?"

"Pale." Alionyesha ngazi ya mizani. "Ulisimama pale."

Jua lilikuwa linachoma na watu hawakutawanyika. Boniphace alitazama malori, akatazama mikokoteni, akawatazama vibarua waliokuwa wameacha kazi na kusimama mlangoni, weupe kwa nyuzi za pamba. Kisha akaenda. Alipanda ngazi mbili, akasema, kwa namna ya mtu anayesoma tangazo la mtu mwingine, kwamba imegundulika kuwa kulikuwa na hitilafu katika saa, na kwamba Wegesa hakuhusika.

"Sauti," Wegesa alisema kutoka chini.

"Nimesema..."

"Siku ile ulikuwa na sauti."

Boniphace alitoa leso puani. Akarudia, na mara hii ilifika mpaka kwa mama wa wali ng'ambo ya barabara. Alisema hakuiba. Alisema na ng'ombe wa baba yake watarudi. Wegesa alisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa macho, machozi yanamtoka na wala hayafuti, kisha akageuka, akamtazama Muharami.

"Na wewe rudia," alisema. "Wale wa nyuma hawakukusikia."

Muharami alipanda ngazi ya mizani, akarudia tangu mwanzo.